Risala ya Mwaka wa Sita Kuhusu Vibandiko, Kiti cha Bwana Prefe na Kicheko cha Madamu Sidonie

Mgeni rasmi, Mama Inspekta Julienne, uliyetoka Kasongo kwa pikipiki. Bwana Prefe Marcellin, mkuu wa shule yetu. Walimu, wazazi, Mchungaji, Imamu, na ninyi nyote mliosimama ukutani kwa kukosa viti: pokeeni salamu zetu sisi wanafunzi wa mwaka wa sita.

MAKARIBISHO

Karibu Kabambare, Mama Inspekta. Tulipokuona unaingia uwanjani na tope mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, tulijua umekuja kweli. Wakubwa wengi wanatupenda kwa mbali. Wewe umetupenda mpaka ukaanguka kwenye daraja la magogo, maana dereva wako amekwisha kutusimulia yote, hata yale uliyomwambia ulipokuwa chini. Pole sana. Maji ya kunawa yako nyuma ya ofisi, na kiatu chako kitasuguliwa wakati sisi tunaendelea kusoma.

Anayesoma risala hii ni Laura, kwa sababu sauti yake inafika sokoni bila kipaza sauti. Walioiandika ni sisi wote, na kila mtu alitaka sentensi yake ibaki, kwa hiyo utuvumilie.

Tunapenda pia ujue kwamba risala hii ilipitiwa na Bwana Prefe mwenyewe. Alichukua kalamu nyekundu akasoma sehemu ya Changamoto na sehemu ya Maombi, na kila alipokuta jina la Madamu Sidonie, mwalimu wetu wa historia, akalifuta. Akatuambia, "Ile mambo ya Sidonie, sitaki kuisikia mu Changamoto wala mu Maombi. Muko munanisikia?" Tukajibu kwamba tunamsikia. Tulipompa sehemu ya Historia aisome, aliirudisha bila kuifungua. "Historia ninaijua," alisema. "Mimi nilikuwako."

Bwana Prefe ni mzazi wetu na sisi ni watoto watiifu. Katika Changamoto na Maombi tutafanya alivyosema. Sasa tunaingia katika Historia.

HISTORIA

Jengo hili, Mgeni rasmi, lilikuwa ghala la pamba wakati wa Wabelgiji. Babu zetu walilazimishwa kulima ile pamba, wakaileta hapa kichwani, na aliyeleta pungufu alilala kifudifudi pale unapoona mlingoti wa bendera. Baadaye pamba ikaisha, Wabelgiji wakaenda, ghala likawa shule. Wakati wa vita watu wa bunduki walichukua milango na madirisha. Bwana Prefe alificha kengele na kiti cha ofisi chini ya magunia ya mpunga, akatufundishia kaka na dada zetu kanisani na uani kwa watu mpaka hali ilipotulia. Hilo tunalisema kwa moyo wote wala hakuna aliyetulazimisha.

Halafu akaja Madamu Sidonie.

Kabla yake, historia ya dunia ilikuwa ni kuandika tarehe mpaka vidole viume. Yeye siku ya kwanza aliingia bila kitabu, akauliza Dola ya Roma iliacha nini duniani. Hatukujua hata kama iliondoka. Mwenzetu Aristote akainua mkono akasema, "Iliacha jina langu." Madamu akamwambia kwamba Aristote alikuwa Mgiriki, na kwamba jina lake lilikuja Kabambare kwa padri wa Kibelgiji, likapita kwa babu yake, ambaye hakujua Ugiriki iko upande gani. "Lakini jibu lako iko muzuri," alisema. "Umeitafuta ku mwili wako. Sasa mwende muitafute ku nyumba."

Ndivyo ulivyoanza mradi wa vibandiko. Madamu alituambia kwamba miji mikubwa ina nyumba za makumbusho, ambamo vitu vya zamani vimewekwa kwenye kioo na karatasi ndogo ya maelezo. Sisi hatuna kioo, lakini karatasi tunazo, za mitihani tuliyoanguka. Tuzikate, tupike gundi ya muhogo, tubandike maelezo pale pale kitu kilipo. Kila kibandiko kiwe na maswali matatu na majibu yake: Nani alileta? Tulilipa nini? Sasa ni cha nani?

Mama Inspekta, tulitoka tukaufanya mji mzima kuwa makumbusho. Mama yake Laura alipata kibandiko kwenye sufuria ya wali: uliletwa na Waungwana, wale wafanyabiashara waliotoka Pwani, tuliulipia watu waliofungwa minyororo, sasa ni wa Mama Laura. Muhogo ulipata chake, Wareno wakatajwa. Mwenzetu mmoja alibandika kimoja kwenye barabara ya Kasongo. Madamu alikibandua, akaeleza kwamba urithi ni kitu kilichobaki.

Siku za kwanza watu walituogopa. Kumbukumbu ya Kabambare iko hivi: mtu akija na karatasi akiuliza hiki ni cha nani, nyuma yake inakuja kodi. Papa Faradji, fundi wa nguo pale sokoni, alipotuona na bakuli la gundi alilala juu ya cherehani yake.

"Batoto, hii karatasi iko ya taxe?"

"Hapana, Papa. Iko ya lisomo tu."

"Mashini haiko yangu. Iko ya muke wangu. Na muke wangu haiko hapa."

Mke wake alikuwa amekaa nyuma yake anakunja suruali, naye akasema mashini si yake, yeye ni mgeni tu. Mchana ule baiskeli nzima nzima zilipandishwa darini, na mzee mmoja alizika redio.

Ikabidi Madamu Sidonie aende mwenyewe sokoni. Akamsomea Papa Faradji kibandiko: cherehani ililetwa na duka la Wabelgiji, baba yake aliilipia mavuno ya pamba, sasa ni ya Faradji. Papa Faradji akaomba asomewe tena. Kisha akauliza, "Kwa hiyo imeandikwa kabisa kama iko ya Wabelge?" Madamu akasema ndiyo. "Na kama baba yangu alilipa?" Ndiyo. Papa Faradji akasimama juu ya kiti akautangazia mji kwamba cherehani yake imehakikishwa na shule kuwa ya Wabelgiji wenyewe, si hizi za siku hizi zinazokufa kabla ya Pasaka.

Hapo mradi wetu uligeuka, Mgeni rasmi, na kusema kweli hatukuuona ulipogeuka. Wateja waliwahama mafundi wengine wakaenda kwenye cherehani yenye kibandiko. Baiskeli zikashuka darini. Watu walianza kuja shuleni na vitu vyao mikononi, sufuria, makufuli, mwavuli mmoja uliobaki vyuma tu, wakipanga mstari na kutuomba tuwabandikie urithi wa ukoloni. Mfanyabiashara mmoja alitoka Salamabila na gunia la mabeseni ya plastiki, yameandikwa chini kwamba yametoka China, akataka yote yabandikwe kuwa ya Wabelgiji. "Ku mugodi wanapenda vitu vya nguvu," alisema. Tulipomkatalia alisema sisi tunarudisha nchi nyuma.

Madamu Sidonie jioni ile alikaa kwenye ngazi ya darasa amejishika kichwa. Alikuwa amewatuma watoto kuonyesha deni, na mji umeona cheti cha ubora. Alituambia kwamba huo nao ni urithi, na ndio mgumu kuliko yote kwa sababu hauna mahali pa kubandika. Halafu akaanza kucheka. Madamu ana tatizo hilo. Jambo likimuuma sana, anacheka, na akianza hajui kuacha. Tunakuomba ulikumbuke, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa.

Sasa tunakuja kwenye kiti.

Kiti cha Bwana Prefe, chenye mikono na mgongo mrefu, kilikuwa cha mkuu wa Kibelgiji aliyetawala hapa. Ndicho hicho ulichokalia, Mama Inspekta. Usisimame, tumekikagua, gundi imekauka.

Kiti hicho alipangiwa Josué, ambaye ni golikipa wetu. Alipoingia ofisini baada ya chakula cha mchana alimkuta Bwana Prefe amekaa ndani yake anafikiri sana, macho yamefungwa na mdomo wazi. Josué ana adabu, hakutaka kumkatiza. Akapenyeza kibandiko taratibu katikati ya mgongo wa kiti na mgongo wa koti, akatoka kwa ncha za vidole. Jina la kitu hakuandika, kwa sababu aliona kiti kinajieleza chenyewe. Jambo ambalo hatukulijua, na tunaliacha hapa kwa faida ya sayansi, ni kwamba gundi ya muhogo inapenda kitambaa kuliko mbao iliyopakwa vanishi.

Bwana Prefe aliamka, akaweka sawa tai yake, akaja moja kwa moja katika chumba hiki ambamo kamati ya wazazi ilikuwa inamngoja. Alisalimia vizuri. Kisha akageukia ubao kuandika mambo ya kuzungumzwa, na mkutano wote ukasoma mgongoni kwake, kwa mwandiko mzuri wa Josué: Nani alileta? Wabelgiji. Tulilipa nini? Kodi na viboko. Sasa ni cha nani? Bado hatujui.

Imamu alikohoa. Mchungaji aliinama kutafuta kitu chini ya benchi na hakuinuka tena. Bwana Prefe aliendelea kuandika, akauliza bila kugeuka, "Kuna mwenye swali?" Na Papa Faradji, ambaye ni mjumbe wa kamati, akasema kwa heshima yote, "Hapana, Bwana Prefe. Maswali yote matatu yamekwisha kujibiwa."

Madamu Sidonie alikuwa amekaa karibu na mlango. Alijiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani, akashika ukuta, akajaribu kufikiria misiba. Haikusaidia. Kicheko chake tulikisikia sisi tuliokuwa uwanjani.

Josué alikiri siku ile ile na akasamehewa siku ile ile, kwa sababu Jumapili tulikuwa na mechi. Mchungaji na Imamu hawako chini ya shule. Aliyesimamishwa kazi ni mmoja tu, na hakusimamishwa kwa kibandiko, alisimamishwa kwa kucheka.

Alienda kuomba msamaha. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaingia ofisini, akasema maneno mazuri ambayo hata mlinzi aliyesikiliza dirishani aliguswa. Bwana Prefe naye alilainika. Akageuka kuchukua muhuri kabatini ili amrudishe kazini, mgongo ukaonekana, na Madamu akacheka. Akatolewa nje. Wiki iliyofuata akarudi, safari hii akitazama sakafu tangu mwanzo mpaka mwisho. Akafaulu. Bwana Prefe akampa mkono, akamsindikiza, na kwa heshima akatangulia kutoka mlangoni.

Alicheka akilia, Mama. Tulimwona akivuka uwanja hivyo hivyo, machozi yanatiririka na mabega yanatikisika, na hatukujua tumkimbilie au tumwache.

MAFANIKIO

Tumeambiwa sehemu hii iwe ndefu kuliko nyingine.

Josué amezuia penalti tatu. Bendera ni mpya. Mama wa sokoni wanabishana kuhusu Napoleon, na anayeuza dagaa anamtetea. Mwaka jana katika darasa letu hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mipaka ya Afrika imenyooka kama mstari wa rula, na mwaka huu tunaweza kulieleza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, ingawa kwa Kibangubangu linatoka na matusi kidogo.

Fanikio kubwa kuliko yote tulilipata baada ya Madamu kusimamishwa. Tulienda kwake kumpa pole. Alikataa kutufundisha, akasema amesimamishwa na ataheshimu. Alituuliza habari za mama zetu, akatupa karanga. Lakini Josué alipoanza kuomba radhi kwa ajili ya kibandiko, Madamu alimkatiza.

"Kibandiko chako kilikuwa na kosa moja," alimwambia. "Uliandika bado hatujui. Unajua baba ya Prefe alikuwa nani? Alikuwa anapanguza kile kiti kila asubuhi. Alikipanguza mpaka akazeeka, na hata siku moja hakukikalia. Mutoto wake ndiye alikikalia, na wakati ya vita alikificha kuliko vitu vya nyumba yake. Ulipaswa kuandika jina lake. Sasa ni cha Marcellin. Ile ndiyo ilikuwa jibu."

Hivyo ndivyo anavyosema juu ya Bwana Prefe mtu aliyesimamishwa na Bwana Prefe. Tumeiweka katika Mafanikio kwa sababu siku ile tulielewa historia, na mwalimu wetu hakuwa hata darasani.

CHANGAMOTO

Changamoto ni chache. Neno "chache" limeandikwa na Bwana Prefe kwa mkono wake.

Mabati yanavuja. Chaki zimebaki vipande vidogo, hata ukucha unaandika vizuri zaidi. Mtihani wa Serikali unakaribia, na katika saa ya historia tunaletewa msimamizi anayekaa mbele yetu na kutuambia tusome kimya. Tumeusoma ukimya mpaka tumeumaliza. Kama mtihani utatoka humo, Kabambare itakuwa ya kwanza katika Maniema nzima.

Katika sehemu hii hakuna jina la mtu, kama tulivyoagizwa. Kuna mtu fulani tu, hatumtaji, ambaye shemeji yake ana duka la vifaa vya wachimbaji kule Salamabila na amemwambia aende akauze sepetu na tochi, kwa sababu mwalimu aliyesimamishwa hali kicheko. Mtu huyo amekwisha kufunga begi lake. Pikipiki itamchukua kesho asubuhi. Jana alimgawia Laura vitabu vyake vyote, na Laura alivikataa, akavipokea, akavikataa tena, akalia njia nzima mpaka nyumbani huku amevibeba. Ndiyo maana sauti yake leo imepungua kidogo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, Bwana Prefe ametukubalia maombi matatu. Moja, chaki. Mbili, mabati. Tatu, mpira, maana ule wa zamani umeshonwa na Papa Faradji mpaka umekuwa na pembe.

Tulikaa jana tukayatazama maombi haya matatu, na tumekubaliana sote, hata Josué ambaye alihitaji muda kwa sababu ya mpira. Tunakurudishia yote matatu, Mama Inspekta. Chaki usilete, tutaandika kwa makaa. Mabati usilete, mvua tunaifahamu na yenyewe inatufahamu. Mpira usilete. Badala ya matatu tupe moja.

Turudishie Madamu Sidonie.

Samahani, Bwana Prefe. Tumejaribu kukutii tangu mwanzo wa risala na tumeshindwa hapa mwishoni. Jina lenyewe limetoka.

Hatukuombi, Mama, umgombeze Bwana Prefe. Huyu ndiye aliyetufungulia shule wakati wengine wanafunga milango yao, na tunampenda, ingawa kwa kawaida hatumwambii. Tunaomba umwite Madamu leo, kabla pikipiki haijafika, aje aombe msamaha mara ya tatu mbele yako. Muhuri uwe mezani tayari. Mlango uwe wazi tayari. Na Bwana Prefe, tunakuomba kwa magoti, mpaka Madamu atakapotoka, usigeuke.

Tumemaliza, Mgeni rasmi. Mungu akulinde katika magogo ya kurudi, akushikie viatu vyote viwili, akupe uzee wenye watu wa kukucheka na kukupenda. Awabariki walimu wote wa Kabambare, wanaofundisha na wanaofunga mabegi.

Ratiba inasema kwamba baada ya risala wanafunzi wataimba, kisha watakaa. Wimbo tulikuwa tunafundishwa na Madamu, na tumefika ubeti wa kwanza tu. Basi tutauimba huo huo, tukirudia, tukiwa tumesimama, mpaka aje atupe wa pili.

Ni sisi,
Wanafunzi wa mwaka wa sita, Instituti Tujenge, Kabambare, wote bila kukosa hata mmoja, isipokuwa Josué, ambaye tayari amekimbilia kwa Madamu kumwambia afungue begi.